Nyumba Inayogeuka Tandiko: Ufundi wa Mama wa Hamahama Kule Modogashe

Kuihamisha familia ya wafugaji kutoka Modogashe hadi malisho mapya ni hesabu yenye masharti manne. Mali yote ya nyumbani sharti ienee kwenye migongo ya ngamia wachache, kila mmoja akibeba kilo 150 hivi. Watoto, wazee na wana-kondoo waliozaliwa jana sharti wafike wakiwa hai. Maji sharti yatoshe mpaka kisima kinachofuata. Na jua linapotua, sharti pawe na nyumba. Kwa vizazi vingi aliyeifanya hesabu hiyo ni mwanamke, kuanzia fundo la kwanza analofungua alfajiri hadi mkeka wa mwisho anaoufunga jioni. Uchambuzi huu unaeleza alivyoifanya, kwa nini ilifaulu, na mahali ilipokatika.

Modogashe ni njia panda: hapa barabara inayotoka Garissa hukutana na ile ya Isiolo kwenda Wajir. Si mbali na Lorian, kinamasi ambamo mto Ewaso Nyiro huishiwa na nguvu kabla ya mkondo mkavu wa Lagh Dera kushika njia ya mashariki kuelekea Somalia. Mvua ni haba, nayo huja kwa misimu miwili. Ya kwanza ni gu, ya Aprili na Mei. Ya pili ni deyr, ya Oktoba hadi Desemba. Baada ya deyr huja jilaal, kiangazi kikali kinachoendelea hadi Machi, na hapo ndipo ufundi wa mama wa nyumba hupimwa.

Hesabu ya maji

Tuanze na namna familia inavyogawanyika. Kiangazi kikifika, familia ya Kisomali yenye ngamia hugawanyika makundi mawili. Mwanaanthropolojia I. M. Lewis aliueleza mgawanyo huu katika kitabu chake cha mwaka 1961, A Pastoral Democracy, akizungumzia kaskazini ya Somalia, na wafugaji wa upande wa Kenya wanaufahamu vilevile. Vijana wa kiume huondoka na kundi la ngamia wa maziwa. Hawachukui nyumba, hulala nje na kuishi kwa maziwa. Kundi la pili ni guri: wanawake, watoto wadogo, wazee, mbuzi, kondoo na ngamia wa mizigo.

Ngamia wa vijana wanaweza kukaa siku 10 au zaidi bila kunywa. Mbuzi na kondoo wa guri hawawezi. Kiangazi huwalazimisha kurudi kisimani kila baada ya siku 3 hadi 5. Tuseme mbuzi wananyweshwa kila siku ya nne, na kwa kuwa wanakula huku wakitembea, wanasogea kilomita 10 kwa siku. Siku mbili za kwenda na mbili za kurudi zinawapa malisho yasiyovuka kilomita 20 kutoka kisimani. Ngamia anayenyweshwa kila siku ya kumi na kusogea kilomita 20 kwa siku anafika kilomita 100. Masafa yamezidi mara 5. Kwa kuwa eneo la duara hukua kwa mraba wa nusu kipenyo chake, ardhi iliyo wazi kwa kijana wa ngamia ni mara 25 ya ile iliyo wazi kwa mama wa guri.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mwanamke aliachiwa wanyama wasiostahimili kiu, watu wasio na nguvu, vyombo vyote vya nyumbani, na kipande kidogo zaidi cha ardhi. Majani yakiisha kwenye kipande hicho, lazima ahame. Vijana wakitaka kuhama huinuka na kutembea. Yeye akitaka kuhama huvunja nyumba na kuijenga upya.

Ongeza maji ya watu. Familia ya watu 6, kila mmoja akitumia lita 3 kwa kunywa na kupikia, inahitaji lita 18 kwa siku, yaani lita 72 kwa siku nne. Hiyo ni karibu nusu ya shehena ya ngamia mmoja, na bado hujafunga hata mkeka. Nafasi iliyobaki ni ndogo mno kubeba kitu chenye kazi moja tu.

Kila kitu, kazi mbili

Nyumba ya hamahama, aqal, ina umbo la kuba. Kiunzi chake ni fito zilizopindwa, ziitwazo dhigo, na juu yake hufungwa mikeka. Fito hukatwa kwenye miti kama mareer, inayokubali kupindwa ikiwa mibichi na kubaki na umbo lake ikikauka. Nyuzi za kamba na za mikeka mizito hutoka kwenye gome la ndani la mgunga uitwao galool. Mikeka myepesi husukwa kwa nyasi. Hakuna msumari hata mmoja. Kila kiungo hufungwa kwa kamba, kwa hiyo upepo ukivuma viungo huyumba kidogo pasipo kuvunjika, na siku ya kuhama hufunguka bila kuumiza fito. Kuba nalo halina ukuta bapa wa kuupinga upepo. Uzito wa mikeka hugawanyika kwenye matao yote na kushuka ardhini, hivyo fito nyembamba zinatosha. Fito nyembamba ni nyepesi, na kila kilo iliyookolewa kwenye nyumba ni lita moja ya maji iliyoongezeka safarini.

Sasa tuitazame siku yenyewe ya kuhama kwa karibu.

Wanaume wamekwisha kupeleleza malisho na kurudi na habari. Kabla hapajapambazuka, vyombo hutolewa nje na kuwekwa kando. Ngamia wa mizigo hupigishwa magoti karibu na nyumba. Mwanamke hufungua mafundo na kuvua mikeka. Ile minene huenda moja kwa moja mgongoni mwa ngamia, mmoja juu ya mwingine, ikiizunguka nundu, kisha hukazwa kwa kamba. Paa la usiku limekuwa tandiko la asubuhi. Zinafuata fito, ambazo hufungwa ubavuni, kulia na kushoto, matao yakichomoza juu ya mgongo wa mnyama. Kiunzi cha nyumba sasa ni kiunzi cha kushikilia mzigo. Juu yake hupakiwa vyombo vya maji na maziwa, vya kupikia na ngozi za kulalia. Katikati, penye kivuli, hukaa mtoto asiyeweza mwendo, bibi aliyechoka, au mwana-mbuzi aliyezaliwa usiku uleule.

Ukiupanga utaratibu huo kwenye karatasi utaona jambo la kustaajabisha. Wakati wa kuvunja, mikeka hutoka kwanza na fito hufuata. Na kwenye ngamia mikeka ndiyo hutangulia kupanda, fito zikafuata. Wakati wa kushusha, mambo hujigeuza yenyewe: vyombo vya juu hutoka kwanza, kisha fito, na mwisho mikeka. Na nyumba hujengwa hivyohivyo: fito kwanza, mikeka baadaye. Hakuna mkeka wala fito inayotupwa chini kusubiri zamu yake, na hakuna anayefukua mzigo mzima akitafuta fito ya kwanza huku giza likiingia. Mpangilio wa nyumba, mpangilio wa tandiko na mpangilio wa ujenzi ni mmoja. Wahandisi wa leo wanaosanifu hospitali za kuhamishika hulipwa kutafuta mpangilio wa aina hiyo.

Usawa wa mzigo nao una kanuni zake. Vyombo vya maji hupakiwa kwa jozi zenye uzito sawa, na maji yanapotumiwa njiani sharti yapungue pande zote mbili. Mzigo ukilala upande mmoja, tandiko huzunguka na kuuchuna mgongo wa ngamia. Kidonda cha mgongo humtoa mnyama kazini kwa wiki nyingi, na nyumba iliyopangiwa ngamia wawili haiendi kwa mmoja. Kwa hiyo jicho la mama halibanduki kwenye kamba njia nzima. Yeye ndiye anayewaongoza ngamia wa mizigo, wamefungwa mmoja nyuma ya mwingine, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Mtu anayeutazama msafara huo kwa mbali huona wanyama wakifuatana kwa utulivu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wakifika, wanaume na wavulana hukata miiba ya kuzungushia zizi. Mwanamke huchagua mahali palipoinuka kidogo, mbali na laga, yaani mkondo wa maji ya msimu, na kuugeuzia upepo mgongo wa nyumba. Akisaidiwa na majirani wa kike, nyumba husimama kwa saa chache.

Maziwa yasiyo na friji

Nusu ya pili ya ufundi huu imo ndani ya vyombo. Haan, chombo kikubwa cha kusukwa, hubeba maji au maziwa bila kuvuja na bila kupasuka kikigonga fito. Chungu kingevunjika katika wiki ya kwanza. Dhiil, ndugu yake mdogo, ni cha kukamulia na kuhifadhia maziwa.

Kabla ya kutiwa maziwa, chombo hufukizwa. Tazama mkono wa mama. Anachoma vijiti vya mti uliochaguliwa kwa harufu na kwa moshi wake, anachukua makaa, anayatia ndani ya chombo, anafunika na kukitikisa ili moshi na joto vifike kila pembe. Kisha humwaga makaa na kuifuta sehemu ya ndani. Wataalamu wa maziwa wanaeleza kinachotokea: joto huua vijidudu vilivyobaki kwenye nyuzi, na kemikali za moshi hupaka kuta za ndani na kuzuia vingine kukua. Sabuni haikuhitajika, wala maji ya kusuuzia, na hilo la maji ndilo kubwa mahali ambapo kila lita imebebwa kwa siku nne.

Maziwa ya ngamia yakiachwa ndani ya chombo kilichofukizwa kwa siku moja au mbili hugeuka suusac, maziwa yaliyochacha kwa bakteria wa asidi ya laktiki. Asidi hiyo huwazuia vijidudu vya kuozesha, na maziwa huweza kukaa muda mrefu zaidi. Kwa samli, mama hutegemea mbuzi, kondoo na ng'ombe, maana mafuta ya maziwa ya ngamia yamo katika chembe ndogo sana zisizoshikana upesi yanaposukwasukwa. Nyama ya mnyama aliyechinjwa hukatwa vipande virefu, ikaanikwa, ikakatwa tena vidogo, ikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta. Ndiyo nyirinyiri, inayojulikana leo hata Nairobi. Kukausha huondoa maji yanayohitajiwa na vijidudu, na mafuta huzuia hewa. Chakula hicho hukaa miezi, hakihitaji kupikwa tena, na kilo yake moja ina lishe zaidi kuliko kilo ya nyama mbichi. Kwenye safari ya ngamia, hiyo ni hesabu ya mizigo kama zile za mwanzo.

Umiliki na mafunzo

Aqal ni mali ya mwanamke. Msichana anapoolewa, mama yake na jamaa za kike humwandalia mikeka na vyombo, na maandalizi huanza mapema, kwani mkeka mzito wa gome ni kazi ya muda mrefu. Mume mwenye wake wawili ana nyumba mbili, kila moja na mwenyewe. Kwa hiyo mafunzo yalikuwa ndani ya kazi: binti alijifunza kusuka kwa kusuka mikeka atakayoilalia, na kufunga kwa kufunga mzigo atakaouongoza. Mkeka ukichakaa ulibadilishwa peke yake, na fito ikivunjika ilikatwa nyingine. Nyumba haikuzeeka kwa mkupuo, na maarifa hayakuzeeka nayo.

Nchi nyingine zimewakumbuka wanawake wa namna hii hadharani. Katika mji wa Ponca City, jimbo la Oklahoma, Marekani, kuna sanamu kubwa ya shaba iliyozinduliwa mwaka 1930 kwa heshima ya wanawake walowezi waliofuata magari ya kukokotwa kwenda magharibi. Walivumilia mengi, ingawa ardhi waliyoifuata ilikuwa na wenyewe.  Mama wa Modogashe alijifunza kuishi na nchi kame kwa masharti ya nchi hiyo, na ufundi wake unastahili kumbukumbu kama hiyo.

Palipokatika

Ufundi huu ulisimama juu ya nguzo mbili, ngamia wa mizigo na njia iliyo wazi, na zote mbili zilipigwa.

Utawala wa kikoloni uliliita eneo hili Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, NFD, na kuwawekea wakazi wake sheria za kudhibiti mwendo. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, 1963 hadi 1967. Mwaka 1966 serikali ilianza kuzikusanya familia katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ikauawa au kuchukuliwa. Sheria za hali ya hatari ziliendelea kulibana eneo hili hadi mwaka 1991. Fikiria maana yake kwa hesabu tuliyoianza. Nyumba iliyosanifiwa kuondoka majani yakiisha ikalazimishwa kubaki mahali majani yalipokwisha. Mbuzi wakabaki kwenye duara dogo lililoliwa hadi mizizi. Bila ngamia, fito zikawa kuni na mikeka ikaoza ardhini. Waliopoteza mifugo walisukumwa mijini, na wanawake wakaanza maisha upya kwa kuuza maziwa, chai, maji na kuni.

Katika kambi za Dadaab, zilizoanza mwaka 1991 wakati Wasomali wakikimbia vita upande wa pili wa mpaka, wanawake walijenga tena kuba lilelile kwa vijiti walivyookota na maturubai ya misaada. Umbo lilibaki, tabia ya nyumba ikabadilika. Mikeka hupitisha hewa, na tabaka zake huzuia joto. Turubai huzuia mvua na hewa pia, na mchana nyumba huwaka. Hakuna kosa la fundi hapo. Kilichokosekana ni mali ghafi.

Njia nayo ikawa suala la amani. Mwaka 2001 wazee na viongozi wa wilaya za kaskazini walikutana Modogashe na kutoa Azimio la Modogashe, lililorekebishwa Garissa mwaka 2005. Liliagiza kwamba anayetaka kupeleka mifugo kwenye malisho ya wengine aombe kwanza ruhusa ya wazee wa huko. Hilo lilimgusa moja kwa moja mama wa guri, kwa sababu msafara wake ndio wa polepole na ndio usio na silaha. Azimio hilohilo liliweka fidia ya mauaji: ng'ombe au ngamia 100 kwa mwanamume, 50 kwa mwanamke. Wazee walifuata mila ya fidia waliyorithi, na nia yao ya kukomesha damu ni ya kuheshimiwa. Lakini mtu aliyeipitia hesabu ya maji, ya tandiko na ya vyombo hawezi kuitazama namba hiyo ya pili bila uchungu. Aliyeibeba nyumba nzima aliandikwa nusu.

Kisha ukame. Kati ya mwishoni mwa 2020 na mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo. Familia zilizopoteza ngamia wa mizigo zilipoteza uwezo wa kufuata mvua ilipokuja kunyesha.

Yanayofaa kuchukuliwa leo

Sitetei kurudi nyuma. Msichana wa Modogashe ana haki ya shule, ya zahanati na ya nyumba ya mawe akiitaka. Ninachotetea ni kwamba kanuni za ufundi huu bado zinajibu maswali tunayoyauliza leo, na kwamba wenye majibu wako hai.

Mfano wa kwanza ni maziwa. Wanawake wa Isiolo, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, hukusanya maziwa ya ngamia na kuyasafirisha hadi Eastleigh, Nairobi. Biashara hii imeinua familia nyingi. Tatizo lake kubwa ni mtungi wa plastiki: mdomo ni mwembamba, mkono hauingii kusugua, na kaa la moto likitiwa ndani plastiki huyeyuka. Kwa kubadilisha chombo tulivunja mnyororo wa usafi bila kuuwekea mwingine. Mkebe wa aluminiamu wenye mdomo mpana husafishika vizuri na huvumilia moto, kwa hiyo unaweza kufukizwa. Kaunti ikitoa mikebe hiyo kwa mikopo midogo, itakuwa imerudisha hatua iliyopotea.

Mfano wa pili ni makazi ya dharura. Mafuriko na ukame huwahamisha watu wa kaskazini kila baada ya miaka michache, na kila mara hugawiwa turubai. Mkeka ukitangulizwa chini ya turubai, nafasi ya hewa baina ya hivyo viwili hupunguza joto. Mikeka hiyo inaweza kununuliwa kwa wanawake wa hapohapo, fedha za msaada zikaingia mikononi mwa walioathirika.

Mfano wa tatu ni maamuzi. Katiba ya 2010 inataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kamati za malisho na za visima zinapaswa kufuata roho ya kifungu hicho, kwa sababu ya haki na kwa sababu ya utaalamu. Anayejua mbuzi watafika wapi kabla ya kiu kuwaangusha, na ngamia mmoja anaweza kubeba maji ya siku ngapi, ni yule aliyeyapima hayo kwa mikono yake. Kamati inayopanga njia za mifugo bila yeye inapanga kwa takwimu pungufu.

Na vyuo vya ufundi vya Garissa, Wajir na Isiolo viwaite mabibi hawa darasani kama wakufunzi wanaolipwa, upindaji wao wa fito upigwe picha na kupimwa, na mafundo yao yachorwe. Kila mwaka tunaochelewa, wanaojua kuifunga nyumba mgongoni mwa ngamia wanapungua. Ufundi uliojaribiwa kwa jilaal nyingi kiasi hiki, na kwa maisha ya watoto uliowabeba, unastahili kufundishwa pamoja na useremala na uashi, kwa jina lake na kwa majina ya wanawake walioutunza.